Mwalimu Amerudi Kuketi Dawatini: Daftari la Siku za Mwanzo za Uzamili

Jumapili

Nimefika jioni na mabegi mawili, moja la nguo na jingine la vitabu. La vitabu ndilo lililonitoa jasho. Chumba ni cha wawili, mwenzangu bado hajafika, kwa hiyo nimetandaza makaratasi kitandani kwake na kuyakagua upya: barua ya udahili, cheti cha shahada ya kwanza, nakala rasmi ya matokeo, cheti cha kuzaliwa, barua ya ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, barua ya mfadhili, picha za pasipoti. Nakala zilizothibitishwa nimezitenga na vyeti halisi, maana ofisi za vyuo zina tabia ya kumeza karatasi. Ukiniuliza mimi, anayekwenda kuanza uzamili ahangaikie kwanza jalada lenye mifuko mingi. Akili itafuata.

Nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi, na kwa muda nimekuwa mkuu wa idara. Kwenye maombi niliandika kwamba nataka kuchunguza kwa nini wanafunzi wanaogopa hisabati. Sentensi ile ilinipendeza nilipoiandika. Usiku huu nimeisoma tena na maswali yamenijia bila kuitwa: wanafunzi gani? Hofu gani? Hisabati ipi, ya darasani au ya mtihani?

Nimeiacha hivyo, nimelala.

Jumatatu

Usajili. Dirisha la kwanza limeniambia siwezi kusajiliwa hadi ada iwe imeingia. Mfadhili, kwa barua yake niliyonayo mkononi, anasema atatuma ada akishapata uthibitisho kwamba nimesajiliwa. Nimemsomea karani aya hiyo kwa sauti, taratibu, kama ninavyosoma swali la mtihani. Akaniangalia kwa huruma kidogo, akamwita anayefuata.

Aliyenikwamua ni msichana wa mwaka wa pili aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. "Dada, hapa utakesha. Nenda kwa ofisa wa wanafunzi wa uzamili, omba usajili wa muda kwa kutumia hiyo barua ya mfadhili. Wana fomu yake, ila hawaitaji mpaka uitaje wewe." Nimekwenda, nimeitaja, fomu imetoka kwenye droo.

Msichana yule amenipa na mengine tukiwa tunatembea, nami nimeyaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari hili. Bila kitambulisho maktaba haikuazimi kitabu, ila haikuzuii kuingia na kusomea humo. Nywila ya majarida ya mtandaoni hutolewa hata kwa aliyesajiliwa kwa muda, ukiwaandikia baruapepe. Na ukikutana na msimamizi wako mara ya kwanza, usitoke bila kujua atakuwa anachukua muda gani kusoma kazi yako. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo kwenye kitabu cha mwongozo walichotugawia, ambacho ni kinene na kina picha nzuri za majengo.

Jumanne

Siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Hotuba zilikuwa nyingi. Mbili zilinifaa.

Ya kwanza ni ya mkutubi. Amezungumzia wizi wa maandishi, nikadhani nayajua hayo yote, mpaka alipofika kwenye programu za akili bandia. Akatukumbusha kisa cha New York cha Juni 2023, pale jaji alipowatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwapo duniani. ChatGPT ndiyo iliyozitunga, majina na namba za kesi zikiwa kamili. Mkutubi akasema jambo hilo hilo hutokea kwenye tasnifu: jina la mwandishi ni la kweli, jarida ni la kweli, makala haipo. Sheria yake ni fupi: usiweke kwenye marejeleo kitu ambacho hujakifungua mwenyewe. Nimeipenda sheria hiyo kwa sababu inafanya kazi hata bila kompyuta. Wapo wasomi walionukuu makala kwa kuiona tu imenukuliwa na mwingine, na kosa la wa kwanza likarithiwa na wote.

Ya pili ni ya mkuu wa kitivo. Ameturudisha kwa Wilhelm von Humboldt na chuo kikuu cha Berlin kilichofunguliwa mwaka 1810, ambako ndiko ilikoshika mizizi fikra kwamba profesa na mwanafunzi wote wawili wapo chuoni kwa ajili ya kutafuta elimu, si mmoja kummiminia mwenzake. Humboldt aliitaja misingi miwili ya maisha hayo: upweke na uhuru. Uhuru naona wameuweka kwenye vipeperushi. Upweke wamekuachia uukute mwenyewe.

Nimeukuta mchana huo huo nilipopewa ratiba. Vipindi vitatu kwa juma. Vitatu! Sehemu iliyobaki ni nyeupe. Mimi nimetoka mahali ambapo kengele inalia kila baada ya dakika arobaini, ambapo mtu anajua Jumatano saa nne atakuwa amesimama wapi na ameshika nini. Karatasi hii nyeupe imenitia hofu kuliko orodha ya masomo. Mwaka 1955 Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliandika kwamba kazi hutanuka hadi ijaze muda wote iliopewa. Aliwaandikia watumishi wa serikali kwa dhihaka, lakini naamini alipata kumfahamu mwanafunzi wa uzamili.

Kwa hiyo nimejichorea ratiba yangu, na kengele nimeiweka kwenye simu. Asubuhi ni ya kusoma na kuandika, hapana kufungua baruapepe kabla ya saa sita. Mchana ni wa ofisi, foleni na fomu. Sijui kama itasimama.

Jumatano

Semina ya kwanza. Darasani wengi wangeweza kuwa wanafunzi wangu, na mmoja nusura nimwambie atoe mikono mifukoni. Mhadhiri ametugawia makala tano za kusoma kabla ya juma lijalo, hakuna yenye kurasa chini ya ishirini. Kisha mjadala ukaanza na kijana mmoja akasema kuhusu epistemolojia ya jambo fulani, mwingine akamjibu kwa ontolojia, nami nikawa nainamia daftari kana kwamba naandika hoja nzito. Nilikuwa naandika maneno ya kwenda kuyatafuta.

Mimi ni mtu ambaye watu huja kumwuliza. Nimekaa saa mbili bila kufungua kinywa.

Usiku mwenzangu wa chumba amewasili. Anasoma saikolojia, mwaka wa kwanza kama mimi, na ni mcheshi. Nimemsimulia ya semina, akaniambia hali hiyo ina jina la kitaalamu, "impostor phenomenon", yaani kujiona laghai, tangu mwaka 1978, pale Pauline Clance na Suzanne Imes wa Marekani walipochapisha makala kuhusu wanawake waliofaulu sana lakini wakiishi na imani kwamba wamemdanganya kila mtu na siku yoyote watafichuliwa. Nimemshukuru. Inaliwaza kujua kwamba jambo lako lina jina.

Ila nikiwa kitandani nimeona halinikai sawasawa. Wale wanawake walikuwa wanajua na wakijiona hawajui. Mimi yale maneno siyajui kweli, na ndiyo sababu nimekuja. Hofu ya aina hiyo haihitaji ushauri nasaha, inahitaji kamusi na majuma machache. Sharti mtu atenganishe hizo mbili, la sivyo ataitibu kwa maneno matamu ile ambayo ingeponeshwa na kusoma kurasa kumi.

Alhamisi

Msimamizi.

Ofisi yake ni ndogo, vitabu vimepanda hadi dirishani. "Karibu, Mwalimu. Keti." Nimefurahi kuitwa hivyo, baada ya ile semina. Maombi yangu yalikuwa mezani kwake, yamepigiwa mstari sehemu moja tu, nami nilijitahidi kusoma kichwachini-miguu-juu ni sehemu ipi.

"Unataka kujua nini?"

Nikamjibu: nataka kujua kwa nini wanafunzi wanaogopa hisabati.

Akanyamaza. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa, alinitazama tu. Nikaongeza kwamba huenda ni walimu. Kimya. Nikasema au ni wazazi, maana wapo wanaowaambia watoto kwamba hata wao hesabu ziliwashinda. Kimya. Nikaingiza vitabu vya kiada, nikaingiza mitihani, nikaingiza wasichana na wavulana. Nilipoishiwa pumzi nilikuwa nimeshamwahidi tafiti tano, kila moja ya kumtosha mtu maisha yake.

"Profesa, naona nimesema mengi."

"Umenieleza habari za hofu. Sasa niambie, umeiona wapi kwa macho?"

Hapo nikasita, halafu nikamweleza kitu ambacho sikuwa nimekiandika kwenye maombi kwa kuwa nilikiona kidogo mno. Nikiwa mkuu wa idara nilikuwa nakaa nyuma ya madarasa ya wenzangu kuangalia ufundishaji. Mwalimu anauliza swali la aljebra, mtoto ananyosha mkono, anakosea. Mwalimu anasema "mwingine" na kidole kimeshahamia dawati la pili. Yule mtoto wa kwanza ukimfuatilia kwa macho, mkono wake haupandi tena kipindi kile. Pengine haupandi tena muhula ule.

Profesa akachukua kalamu. "Hapo. Anzia hapo. Wiki ijayo niletee ukurasa mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja ni mgumu kuliko ishirini."

Nikakumbuka ya msichana wa foleni. Nikamwuliza, kwa heshima zote, tutakuwa tunaonana kila baada ya muda gani, nimtumie kazi siku ngapi kabla, na nitarajie majibu baada ya muda gani. Nilihofu ataona namhoji. Kumbe alifurahi: mwanzoni tuonane kila juma, kazi imfikie siku mbili kabla, kazi ndefu aisome ndani ya majuma mawili, na akipitisha hapo nimkumbushe bila kuona haya. Niliporudi chumbani nimeyaandika yote kwenye baruapepe fupi na kumtumia ili kila mmoja awe na kumbukumbu. Amejibu neno moja, "Sawa." Nalihifadhi hilo "sawa" vizuri kuliko cheti cha kuzaliwa. Nimeshasikia korido nzima hadithi za watu waliokaa mwaka mzima wakisubiri maoni, na karibu zote zinaanza kwa jambo ambalo halikusemwa siku ya kwanza.

Ijumaa

Pesa ya kujikimu haijaingia. Ofisi ya mfadhili inasema imetuma, ofisi ya chuo inasema haijaona. Benki inasema hata siku tatu za kazi ni kawaida, na leo ni Ijumaa.

Nimekaa na karatasi nikapanga upya. Niliyokuja nayo yanatosha mwezi mmoja nikijibana. Mwenye kuja baada yangu ahesabu kwamba posho ya kwanza itachelewa, hata barua iseme nini. Mkopo wa aibu kwa rafiki mpya katika juma la kwanza huharibu urafiki kabla haujaota.

Ninachokiona kigumu zaidi ni kwamba kwa miaka yote hii nilikuwa nachangia nyumbani sawa na mume wangu. Sasa ruhusa ya masomo imekata kipato, na kila ninachotumia huku nakiona kimetoka kwenye sahani ya mtoto. Mume wangu hajasema neno. Tulipanga pamoja. Lakini kupanga ni jambo moja na kusubiri ujumbe wa benki ni jambo lingine.

Jumamosi

Nimefua, nimelala mchana. Jioni nimepanga mafaili ya kompyuta. Nakala tatu za kila kitu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikae mbali na chumba hiki. Jirani yetu mmoja wa mwaka wa tatu aliibiwa kompyuta mpakato ikiwa na sura mbili za tasnifu, na nakala pekee ilikuwa kwenye kijiti cha USB kilichokuwa kwenye mfuko ule ule wa kompyuta.

Jumapili

Nimepiga simu nyumbani. Binti yangu alikuwa na kazi ya shuleni, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, akasema baba hafundishi vizuri kama mimi. Nikamfundisha kwa simu, yeye akiandika na kunisomea alichoandika. Tukamaliza. Kisha akaanza kunihoji yeye.

"Mama, mtihani wako lini?"

"Huku sina mitihani mingi. Naandika utafiti."

"Utafiti wa nini?"

"Bado natafuta swali lenyewe."

"Yaani umekwenda mbali hivyo na hujapewa hata swali?"

Nilicheka mpaka mume wangu akachukua simu kuuliza kuna nini. Baada ya kukata sikucheka tena. Maneno ya mtoto yamenikaa. Shule niliyoizoea, kote nilikosoma na kote nilikofundisha, swali hutoka mbele na jibu hutoka kwenye madawati. Anayejibu vizuri ndiye mwenye akili. Sasa nimehamishiwa mahali ambapo ninatakiwa kuuliza, na sifa zote nilizozikusanya kwa kujibu hazinisaidii sana. Nadhani hapa ndipo wengi hukwama, wala si kwenye ugumu wa masomo. Foleni, ada, posho, vyote hivyo vina dirisha lake na mwenye funguo wake. Hili halina ofisi.

Mume wangu amenipigia tena usiku, mtoto akiwa amelala. Tumekubaliana siku maalumu za simu, kwa sababu kupiga kila siku nikiwa nimechoka kulikuwa kunatugombanisha kwa mambo madogo. Amesema anamudu. Nimemwamini nusu.

Jumatatu

Maktaba tangu asubuhi, na zile makala tano.

Nimejaribu njia aliyoieleza Srinivasan Keshav, mtaalamu wa kompyuta, mwaka 2007: makala husomwa kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ni dakika tano hadi kumi, unasoma kichwa, ikisiri, utangulizi, vichwa vidogo na hitimisho, unachungulia marejeleo, basi. Ya pili inaweza kufika saa moja, unaelewa hoja lakini huhangaiki na uthibitisho. Ya tatu ni ya saa kadhaa, na ni kwa makala chache tu zinazokuhusu hasa. Nilianza kwa kinyongo. Mwalimu wa hisabati hafundishwi kuruka mistari. Lakini kufika saa sita nilikuwa nimejua kwamba kati ya zile tano, moja ndiyo yenye uzito kwangu na mbili zinarudia hoja ile ile. Ningezisoma kwa mtindo wangu wa zamani ningekuwa bado ukurasa wa tisa wa ile ya kwanza, nikipigia mstari kila sentensi.

Epistemolojia nimeitafuta. Ni nadharia ya maarifa: tunajuaje kwamba tunajua. Kijana yule angeweza kusema hivyo.

Mchana nimeweka Zotero kwenye kompyuta, programu ya bure ya kutunza marejeleo iliyoanzia Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006. Unabonyeza, makala inaingia na jina la mwandishi, mwaka, jarida na kurasa. Wa mwaka wa tatu wanasema anza siku ya kwanza, kwa sababu kuyakusanya marejeleo mia mbili mwishoni ni adhabu.

Jumanne

Leo siku imekuwa nzuri na mbaya.

Mbaya ilianza mapema. Nimetafuta hofu ya hisabati kwenye majarida, nikaangukia kwa Richardson na Suinn, ambao mwaka 1972 walitengeneza kipimo chake chenye vipengele 98. Tisini na nane! Nusu karne imepita tangu watu waanze kuipima hofu ambayo nilidhani mimi ndiye ninayekuja kuifunua. Baada yao wamekuja wengine hawana idadi. Nilikaa nikitazama skrini na kujiuliza nimeacha familia kuja kufanya nini.

Mwenzangu wa chumba, niliyemtumia ujumbe wa kulalama, alijibu: "Afadhali. Ungekuta hakuna aliyewahi kuligusa ningekuwa na wasiwasi na swali lako." Ana maneno huyu.

Nikarudi kwenye kile kitu kidogo, mtoto aliyekosea na kidole kilichohama. Mkutubi alikuwa ametuonyesha namna ya kufuata nyayo kwa pande mbili: nyuma, kwa kuangalia makala imewanukuu akina nani, na mbele, kwa kuangalia ni nani wameinukuu baadaye. Njia hii ya pili iliwezekana kwa upana tangu Eugene Garfield alipotoa faharasa yake ya nukuu za kisayansi mwaka 1964. Zamani mtu alifunua majalada mazito, siku hizi ni kubonyeza. Nikarudi nyuma hatua baada ya hatua, na mwisho wa nyayo nikamkuta Mary Budd Rowe.

Huyu mama Mmarekani alirekodi mamia ya vipindi vya sayansi katika shule za msingi na kuvipima kwa sekunde. Akakuta kwamba mwalimu akishauliza swali, kwa wastani husubiri sekunde moja tu kabla ya kuuliza tena, kujijibu au kumtaja mwingine. Na mwanafunzi akishajibu, mwalimu hujitosa kabla hata ya sekunde moja kutimia. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka, wanaonyamaza wakapungua, na watoto waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kujitokeza. Sekunde tatu! Nimehesabu kwa saa ya ukutani hapo hapo maktabani, na ni ndefu kuliko unavyodhani.

Kisha nikashikwa na kicheko, hadi jirani yangu akanitazama vibaya. Profesa na ule ukimya wake! Sasa nimejua alikuwa anafanya nini.

Rowe alitenganisha kusubiri kwa aina mbili, baada ya swali na baada ya jibu. Yeye alikuwa kwenye sayansi, msingi. Mimi nina aljebra, sekondari, na hasa ile ya pili, na hasa zaidi jibu linapokuwa si sahihi. Swali langu limepungua tangu asubuhi hadi linaenea kiganjani, na ajabu ni kwamba sasa ndipo linapoanza kunikosesha usingizi.

Jumatano

Fomu ya kamati ya maadili ina kurasa kumi na nne. Wengi darasani wameilalamikia, wanaiita ukiritimba. Mimi siwezi kuungana nao, kwa sababu mhadhiri wa mbinu za utafiti alitukumbusha fomu hizi zimetoka wapi. Huko Tuskegee, Alabama, tangu mwaka 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa Marekani waliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao na bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana kwa wingi. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 kuhusu utafiti kwa binadamu lilikuwa limeshapitishwa na utafiti ule bado ukaendelea miaka minane. Ukishasikia hayo, kurasa kumi na nne si nyingi.

Kuna kipengele kimenikalia. Washiriki wangu ni watoto, kwa hiyo nahitaji ridhaa ya mzazi, na juu yake kukubali kwa mtoto mwenyewe. Hilo nililijua. Swali linalofuata linauliza kama mtafiti ana mamlaka yoyote juu ya washiriki. Mpango wangu ulikuwa shule yangu, wanafunzi wangu, walimu wa idara yangu. Mtoto gani atamkatalia mwalimu wake? Mwalimu gani atamwambia mkuu wa idara asiingie darasani na saa mkononi? Urahisi wote wa kutumia shule yangu ndio ubaya wake. Nimeandika kwamba nitatafuta shule nyingine, na kwa mstari huo mmoja nimejiongezea safari, vibali na gharama.

Kamati hukutana kwa mwezi mara moja. Nimehesabu kurudi nyuma kutoka tarehe za mihula ya shule. Nikikosa kikao kimoja, nakosa muhula.

Usiku mwenzangu amenionyesha uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, wa wanafunzi 2,279 wa uzamili na uzamivu kutoka nchi 26. Asilimia 39 walikuwa na dalili za sonona ya kati hadi kali, wakati kwa watu wa kawaida ni asilimia 6. Zaidi ya nusu ya waliokuwa na wasiwasi mkubwa walisema hawaoni uwiano mzuri kati ya kazi na maisha yao. Nina shaka na ukubwa wa pengo hilo, kwa kuwa washiriki walialikwa kwa mitandao ya kijamii na baruapepe, na aliyeumia huwa na sababu zaidi ya kujibu. Lakini hata ukipunguza nusu, bado ni wengi. Tumekubaliana mimi naye kwamba yeyote akipitisha siku mbili bila kutoka chumbani, mwenzake amburute nje bila kuomba ruhusa.

Alhamisi

Ukurasa mmoja. Nimeandika mitatu, nimefuta, nimebaki na mmoja na robo. Robo imegoma kutoka. Ratiba niliyojichorea imevunjika mara nyingi kuliko ilivyosimama, ila asubuhi nimezilinda. Posho imeingia pungufu, hakuna anayejua kwa nini.

Ijumaa

Profesa aliukata ule ukurasa na robo kwa kalamu nyekundu hadi ikabaki aya mbili. Aya ya hofu ya hisabati yote imekwenda, pamoja na Richardson na Suinn wao. "Wamefanya kazi yao. Wewe fanya yako." Swali lililobaki ni hili: mwalimu wa aljebra husubiri muda gani baada ya jibu lisilo sahihi, na ukimya huo ukirefushwa, mwanafunzi yule yule hufanya nini?

Akanyamaza. Safari hii na mimi nikanyamaza. Tulikaa hivyo, sijui sekunde ngapi, mpaka akatabasamu yeye kwanza.

"Utazipimaje hizo sekunde?"

"Kwa saa ya simu, nikiwa nimekaa nyuma ya darasa."

"Kidole chako kikichelewa nusu sekunde, umepoteza nusu ya unachokipima."

Ni kweli. Rowe alitumia kinasa sauti. Na kinasa sauti maana yake ni sauti za watoto, na sauti za watoto maana yake ni kipengele kingine kwenye ile fomu ya kurasa kumi na nne: zitahifadhiwa wapi, nani atazisikia, zitafutwa lini. Kikao cha kamati kinapokea fomu hadi Jumatano. Tumekubaliana nimletee fomu mpya Jumatatu jioni, aisaini Jumanne.

Nikitoka kwake nimepitia usajili. Kitambulisho kimetoka, picha ni yangu, jina la katikati si langu. Karani amesema nilete cheti cha kuzaliwa halisi. Ninacho, kipo mfuko wa tatu wa jalada, ila dirisha walikuwa wameshalifunga.

Jumatatu, basi: dirisha asubuhi, fomu mchana.